Baba mkubwa anasema kizazi chetu kimelelewa kimayai: je, ulinganisho huu ni wa haki?

Mkazi wa Mbagala (mleta mada)

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wa rika langu habari za saa hizi.

Naomba mchango wenu juu ya jambo linalojirudia katika kila kikao cha ukoo wetu, na ambalo safari hii limenikera hata nikaona nililete hapa. Mwezi uliopita tulikutana kupanga michango ya harusi ya binti wa shangazi. Nilipoeleza kwamba ahadi yangu nitaitoa kwa awamu, kwa sababu mkataba wangu wa kazi ni wa mwaka mmoja mmoja na bado sijajua kama utahuishwa, baba mkubwa, ambaye ni mtumishi wa umma mstaafu, aliniuliza mbele ya watu wote nina umri gani. Nikamjibu kwamba nina miaka 31. Akasema kuwa yeye alipokuwa na miaka 27 alikwishaanza msingi wa nyumba yake ya Sinza, ana mke, ana mtoto, na anamsomesha mdogo wake, ambaye ndiye baba yangu. Kisha akahitimisha kwamba kizazi chetu kimelelewa kimayai, kinapenda mteremko, na kinakesha kwenye simu kikingoja utajiri udondoke kutoka juu.

Wazee wengine waliafiki. Sisi vijana tulinyamaza, kwa kuwa si desturi yetu kumjibu mzee kikaoni, lakini tulipotoka nje tulisema maneno makali kuliko yake: kwamba wao walisoma bure, wakapangiwa kazi bila kuomba, wakagawiwa viwanja, kisha wakatuachia sisi madeni na mahubiri.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, ukiacha hasira za pande zote mbili, ni nani hasa aliyeanza maisha katika mazingira magumu zaidi, kijana wa mwaka 1979 au kijana wa leo? Pili, mtu anamjibuje mzee wa namna hii bila kumvunjia heshima na bila kukubali jambo ambalo si kweli? Ningependa zaidi kusikia kutoka kwa waliokuwa kazini miaka ile.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nilianza kushika chaki mwaka 1976, kwa hiyo rika la baba yako mkubwa ndilo rika langu, na nadhani nina haki ya kumsema kidogo na ya kumtetea pia.

Nianze na nyumba ya Sinza, kwa kuwa ndiyo anayoitumia kama fimbo. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara, ikapeleka maji, kisha ikavigawa kwa masharti ambayo mfanyakazi wa kawaida aliweza kuyatimiza. Aliyepata kiwanja aliweza kuomba mkopo wa kujengea kutoka Benki ya Nyumba Tanzania, ile tuliyozoea kuiita THB, ambayo ilianzishwa mwanzoni mwa muongo huo na ikafa mwaka 1995. Mtumishi wa umma mwenye mshahara wa uhakika alikuwa katika nafasi nzuri ya kupata vyote viwili. Baba yako mkubwa alijenga kwa jasho lake, hilo silipingi hata kidogo, lakini jasho hilo lilidondoka juu ya kiwanja kilichopimwa na, kwa wengi wa wenzake, juu ya matofali ya mkopo. Kijana wa leo mwenye cheo kama chake ananunua eneo Chanika au Vikindu kutoka kwa mtu binafsi, kwa bei ya soko, kisha anaanza kujiuliza maji yatafika lini.

Hata hivyo, hayo mliyoyasema mlipotoka nje nayo yana kasoro kubwa. Ni kweli kwamba hatukulipa ada ya chuo, na ni kweli kwamba tulipangiwa kazi. Lakini kupangiwa maana yake hukuulizwa. Ulipokea barua inayokuelekeza kituo chako, na kama kituo kilikuwa Kibondo au Liwale ulifunga mizigo ukaenda, na aliyesomeshwa na Serikali alikuwa ametia saini ya kuitumikia kwa miaka 5. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, aliyemaliza kidato cha sita hakwenda chuo kikuu moja kwa moja: alipita Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanya kazi kwa takriban miaka 2, na mwisho alihitaji mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Fikiria kijana wa leo aambiwe kwamba ndoto yake ya kuwa daktari itasubiri barua ya katibu wa tawi.

Halafu ikaja miaka ya ukata. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na kati ya 1981 na 1985 mshahara ulikuwepo lakini hapakuwa na cha kununua. Watu walipanga mawe kwenye foleni ya duka ili kila jiwe limshikie mwenyewe nafasi hadi sukari ifike, na mara nyingi jiwe lilikaa hapo hadi jioni na sukari haikufika. Mke wangu alifulia majani ya mpapai. Tulikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa mahindi ya msaada, na watoto wa shule walikuja darasani bila daftari. Mtu aliyepita katika hali hiyo akimwona kijana ameacha nusu sahani ya wali kwenye harusi, ulimi unamwasha, na hapo ndipo neno “kimayai” linapomtoka.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni kwamba sisi tulikuwa na uhakika wa nafasi lakini hatukuwa na bidhaa, na ninyi mna bidhaa hadi mlangoni lakini hamna uhakika wa nafasi. Ukinilazimisha kuchagua, ningesema kuanza maisha kulikuwa rahisi zaidi kwetu, ila kuyaendesha kulikuwa kugumu zaidi. La pili nitalirudia baadaye, maana linahitaji utulivu.

Msomaji wa Magazeti Makuukuu

Mwalimu ameeleza vizuri upande wa uchumi. Mimi naomba kuongeza kwamba shutuma yenyewe, ya vijana wanaotaka mteremko na kusahau taifa, si mpya hata kidogo, na walioshutumiwa kwanza ni hao hao wanaoshutumu leo, au kaka zao.

Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwalazimisha kuingia Jeshi la Kujenga Taifa. Masharti yalikuwa miezi michache kambini, kisha miezi 18 ya kufanya kazi ya kawaida huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Mojawapo ya mabango yao lilisema kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akaghadhibika kwa namna ambayo waliokuwepo hawakuisahau, akawafukuza karibu wanafunzi 400 warudi kwa wazazi wao, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa chuoni baadaye, na miezi michache baada ya tukio hilo likaja Azimio la Arusha.

Tuyapime haya kwa utulivu. Vijana waliokuwa na miaka 23 mwaka ule wamevuka 80 leo. Walielezwa na wakubwa wao kuwa wasomi waliodekezwa, wanaojiona bora kuliko mkulima aliyewalipia masomo. Baadhi yao ndio waliokuja kuendesha wizara, mashirika na mahakama za nchi hii, na sijasikia mtu akisema kwamba waliziendesha vibaya kwa sababu walidekezwa.

Miaka miwili baadaye ikaja Operesheni Vijana. Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio mwezi Oktoba 1968 la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, utekelezaji uanze tarehe 1 Januari 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wasichana walizongwa na makundi Kariakoo, wengine wakivuliwa nguo hadharani, mpaka polisi wakaingilia kati. Barua za wasomaji katika magazeti ya wakati ule zinafurahisha na kuhuzunisha kwa pamoja, kwa sababu ukibadilisha “sketi fupi” ukaweka “simu janja”, karibu kila hoja inafaa kuchapishwa tena leo.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu hulipita haraka. Waliokuwa wakiwakimbiza wasichana hawakuwa wazee. Walikuwa vijana wenyewe, wa umoja wa vijana, wakiwakimbiza vijana wenzao ambao wengi walikuwa makarani na wafanyakazi wa ofisini wenye mshahara wao. Ugomvi uliitwa wa maadili na wa rika, na ndani yake mlikuwa na swali la nani ana fedha mjini na nani hana, na hasa mwanamke mwenye fedha yake anamtii nani. Tangu nilipoyasoma hayo, nikisikia mtu anasema “vijana wa siku hizi”, huwa nauliza kwanza ni vijana gani: wa bodaboda, wa benki, wa kike, wa kijijini? Mara nyingi msemaji ana mtu mmoja kichwani, na mtu huyo ni mtoto wa jirani yake.

Mama wa Keko

Wachangiaji wamezungumza historia, nami niseme ninayoyaona kila asubuhi. Nina karakana ndogo ya samani hapa Keko. Umri wangu ni miaka 44, kwa hiyo wazee wananiita binti na vijana wananiita mama, na kila upande huja kwangu kuusema upande mwingine.

Malalamiko dhidi ya vijana si uongo mtupu. Nimewahi kuajiri vijana ambao walikaa wiki chache wakaondoka bila kuaga, mmoja akiwa ameacha kitanda cha mteja kimepigwa msasa upande mmoja. Wapo wanaotaka kuitwa fundi kabla hawajajua kunoa randa. Wapo wanaoshika simu huku mashine inazunguka, na hilo silivumilii kwa sababu vidole haviuzwi dukani. Mtu asiniambie kwamba haya ni maneno ya wazee tu.

Hata hivyo, nilikaa na mmoja wao aliyetaka kuacha, tukapiga hesabu. Alikuwa anatoka Chanika, anapanda daladala mbili kuja na mbili kurudi. Ukitoa nauli, chai na chakula cha mchana, kilichobaki mkononi jioni kilikuwa kidogo kuliko kile ambacho rafiki yake alipata kwa kuendesha bodaboda ya mkataba hapo hapo Chanika, bila kuamka saa kumi alfajiri. Hakuwa mvivu. Alikuwa anajua hesabu. Nilipompa kitanda cha kulala stoo siku za kazi, alibaki, na sasa yeye ndiye anayenichorea makabati ya jikoni kwenye simu, tena kwa vipimo ambavyo mteja anaviona kabla mbao haijakatwa.

Na sasa nigeukie upande wa pili, ambao hamjaugusa. Baadhi ya mafundi wazee hawafundishi. Fundi wangu mkuu, ambaye mkono wake naamini hauna mpinzani mtaa mzima, alikuwa akifika kwenye kiungo kigumu anamtuma kijana aende akanunue misumari, ili akirudi akute kiungo kimekwisha. Alifundishwa hivyo hivyo: alimfulia fundi wake nguo na kumbebea maji kwa muda mrefu kabla hajaruhusiwa kushika msumeno, na anaona kwamba anayepewa ujuzi bila mateso anapewa bure kitu alichokilipia yeye. Nilimwuliza kwa nini anamficha kijana. Akanijibu kwamba siku kijana atakapokijua kiungo kile, mimi nitakuwa sina haja naye tena, na yeye hana pensheni.

Jibu hilo lilinishughulisha kuliko hotuba zote za maadili. Mzee aliyefanya kazi maisha yake yote bila mfuko wa hifadhi ya jamii ana akiba moja tu, nayo ni siri ya kazi yake. Tukamlaumu kwa uchoyo, lakini tusijifanye hatujui uchoyo huo unatoka wapi. Tuliandikiana makubaliano kwamba kwa kila kijana anayemfundisha mpaka akaweza kusimama mwenyewe, analipwa fungu lake, na kazi ya kukagua viungo inabaki kuwa yake. Misumari sasa inanunuliwa asubuhi.

Mhitimu wa 2019

Nawaheshimu wachangiaji waliotangulia, lakini naona mnazunguka jambo moja ambalo sisi vijana tunalijua. Wazee hawataki kuondoka. Maofisini, kwenye vyama, kwenye bodi za mashirika, hata kwenye kamati za misikiti na makanisa, nafasi zimekaliwa na watu walewale. Mtu anastaafu asubuhi, jioni anarudishwa kwa mkataba. Kisha mtu huyohuyo anasimama kwenye mahafali na kutuambia tujiajiri. Mbona yeye hakujiajiri baada ya kustaafu? Wakiondoka, nafasi zitapatikana, na mjadala wa nani mvivu utakwisha.

Afisa Utumishi Mstaafu

Mhitimu, hoja yako kuhusu mikataba baada ya kustaafu ina ukweli, na mimi niliyeshughulika na majalada hayo siwezi kuikana. Lakini hesabu ya kwamba wakiondoka wazee vijana wataenea haisimami.

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, na ya mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120. Chuo kikuu kilipofunguliwa mwaka 1961 darasa zima la sheria lingeweza kukaa kwenye basi moja dogo, na viti vingine vikabaki. Mhitimu wa wakati huo alikuwa bidhaa adimu: Serikali ilikuwa inawatafuta Waafrika wa kushika nafasi zilizoachwa na wakoloni, na kijana wa miaka 28 aliweza kuwa mkurugenzi kwa sababu hapakuwa na mwingine. Wazee wengi wa rika hilo walipanda haraka na wanaamini kwamba ilikuwa juhudi peke yake. Leo kuna vyuo vikuu vingi, shule za kata zimefikisha watoto wa wakulima kidato cha nne kwa idadi ambayo sisi hatukuiwazia, na nafasi za Serikali hazikuongezeka kwa mwendo huo. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili katika Uwanja wa Taifa: zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70. Ungewaondoa wakubwa wote wa idara hiyo siku ile, maelfu bado wangerudi nyumbani na bahasha zao.

Kuhusu kutotaka kuondoka, angalia pia kinachowangoja nje. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na analazimika akiwa na 60. Waliokuwa wanajipanga kwa hiari walianza kusita kilipokuja kikokotoo, yaani kanuni mpya ya kupigia hesabu mafao ya kustaafu. Mwaka 2018, baada ya mifuko kuunganishwa, kanuni mpya zilishusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, kelele zikawa nyingi, na mwishoni mwa mwaka huo Rais Magufuli akasitisha matumizi yake. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya mwaka 2024 ikaipandisha hadi 40 kwa kundi ambalo zamani lilikuwa likipata 50. Mtu aliyepanga kumalizia nyumba na kufungua duka kwa mkupuo wake anafanya hesabu upya na kuamua kubaki ofisini hadi siku ya mwisho. Huo si ulafi wa madaraka. Na kanuni hizo, kijana wangu, zitakuhusu wewe kuliko zinavyonihusu mimi, ambaye nilikwishalipwa.

Niongeze kwamba hao wanaoitwa kizazi kilichopendelewa walipigwa katikati ya safari. Miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa, maelfu walipunguzwa kazini wakiwa na watoto sekondari. Na waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 walidai mafao yao kwa miongo, wakafika mahali pa kukaa barabarani Dar es Salaam wakiwa na mvi na fimbo. Watu walewale wanaosema kwamba maandamano ni utovu wa nidhamu wa vijana hawakumbuki kwamba moja ya maandamano sugu kabisa jijini lilikuwa la babu zetu.

Msomaji kutoka Nakuru

Nawasalimu kutoka Kenya. Sitaki kuuvuruga mjadala wa Watanzania, ila hilo la mwisho limenigusa. Mwaka 2024 vijana wetu walipoingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, mswada ambao Rais alikataa kuutia saini siku moja baada ya Bunge kuvamiwa tarehe 25 Juni, tuliambiwa kwamba hao ni watoto wa mitandaoni, wasiojua njaa wala historia. Miongoni mwa waliosema hivyo walikuwemo watu ambao tarehe 7 Julai 1990, siku ya Saba Saba, walikuwa wakikimbizana na polisi wakidai vyama vingi. Kwa upande wa pili, vijana wengi walidhani wao ndio wa kwanza kuthubutu, hali mwaka 1992 akina mama, baadhi yao wazee, waligoma kula katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Kila upande ulikuwa haujui habari za mwenzake, na sidhani kwamba umri ndio wa kulaumiwa hapo. Sisi tuliokuwa katikati hatukuzisimulia.

Mkazi wa Mbagala (mleta mada)

Nawashukuru sana, hasa Mwalimu na Mama wa Keko. Mhitimu mwenzangu, hasira yako naielewa kwa kuwa ilikuwa yangu pia.

Naomba niweke wazi hesabu yangu, kwa sababu kikaoni hakuna aliyeiuliza. Kwenye mshahara wangu wa sekta binafsi, kabla sijaushika, hutoka kodi, hutoka asilimia 10 ya NSSF, na hutoka asilimia 15 ya marejesho ya Bodi ya Mikopo, kwa sababu sisi tulisoma kwa mkopo. Kinachobaki kinagawanyika kati ya kodi ya chumba, nauli, dawa za mama na ada ya mdogo wangu. Ndiyo maana ahadi ya harusi nilitaka kuitoa kwa awamu. Baba mkubwa anajivunia, na ana haki, kwamba akiwa na miaka 27 alikuwa anamsomesha mdogo wake. Nami namsomesha wangu, ila hakuna nyumba ya kuonyesha.

Mwalimu, bado nakusubiri kwa swali la pili.

Mwalimu Mstaafu

Nimerudi, mwanangu. Kwanza, usimjibu kikaoni. Si kwa sababu hana makosa, bali kwa sababu mzee akisahihishwa mbele za watu analinda heshima yake badala ya kusikiliza, na wewe hungekuwa tofauti. Nenda kwake Sinza siku ya kawaida, bila jambo la kuomba, umwombe akuonyeshe karatasi zake za zamani. Watu wa rika letu hatutupi karatasi. Utakuta ofa ya kiwanja, utakuta hati za mshahara, na pengine mkataba wa THB. Mwache asome mwenyewe kwa sauti. Kisha toa hati yako ya mshahara uiweke pembeni, na usiseme neno.

Pili, acha kabisa mashindano ya nani aliteseka zaidi. Hakuna mshindi wa shindano hilo, na hata ukishinda hupati kitu. Uliza jambo lenye manufaa. Kutokana na maelezo yako nadhani ukoo wenu una shamba au eneo mahali fulani, kama zilivyo koo nyingi. Katika hali ya leo, kitu kikubwa ambacho mzee anaweza kumpa kijana si nasaha, wala kazi, ambayo hana. Ni ardhi iliyo na mgawanyo unaoeleweka na ulioandikwa wakati wazee wangali hai. Nimeona familia nyingi ambazo wazee walihubiri kujitegemea kwa miaka 30 huku wamekalia ekari ambazo hakuna kijana aliyethubutu kupanda hata mti juu yake, kwa kuwa hakujua kama ni zake, na mzee alipofariki wakafikishana baraza la ardhi. Muulize baba yako mkubwa, kwa upole, lini hilo litaandikwa.

Mama wa Keko

Mwalimu kasema. Na muulize pia kuhusu mabinti, maana karatasi hizo zikiandikwa mara nyingi tunasahauliwa.

Mkazi wa Mbagala (mleta mada)

Mwalimu, umebahatisha au unatufahamu. Tuna kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, kule Rombo, alichokiacha babu, na baba mkubwa kama mtoto wa kwanza ndiye anayekisimamia. Kwa desturi ya kwetu nyumba ya babu ni ya mtoto wa mwisho, ambaye ni baba yangu, lakini sehemu kubwa iliyobaki haijagawanywa, na shangazi watatu hawajatajwa popote. Migomba ya upande wa chini inazeeka kwa sababu kila mtu anaogopa kuonekana anajimilikisha.

Nitakwenda Sinza Jumapili ijayo. Habari ya kihamba nitaigusa baada ya harusi, kwa sababu kabla ya hapo itaonekana kwamba nakwepa mchango, na awamu yangu ya pili bado sijaitoa. Mama wa Keko, la mabinti nitalibeba pamoja. Shangazi mdogo amekwisha kuniambia kwamba nikilianzisha, atakuwepo.